Ubeti Uliorukwa

Kila asubuhi Yasinta alianza na kuku.

Aliwafungulia banda, akawamwagia pumba za mtama, akasimama kidogo kuwatazama wakigombania kama watu wa mnadani. Kisha aliinjika chai, akatoa meza ndogo chini ya upenu, akavaa vipokea sauti masikioni. Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomfanya ajulikane pale Ikungi. Alisikiliza hadithi za wazee zilizorekodiwa kwa Kinyaturu, akaziandika kwa Kiswahili. Majirani walimwita binti wa hadithi. Walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi na aliwaamkia hata wapita njia.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye hadithi ya mwanamke aliyeifungia sauti yake ndani ya kibuyu, akampa mumewe aliyekuwa anasafiri. Mume alipofika mbali, akakifungua. Yasinta alikwama hapo. Msimulizi alikuwa na neno moja tu la kile alichokisikia yule mume, na kila neno la Kiswahili alilolijaribu lilikuwa ama kubwa mno, ama dogo mno.

Chai ilianza kuchemka.

Simu ikaita.

Si ile iliyokuwa juu ya meza. Ni ile nyingine, Tecno ya vitufe iliyokaa ndani ya debe la unga.

"Dada, vitunguu vyako vimekauka?" sauti ya mwanaume iliuliza.

"Bado vina umande."

"Basi vipakie hivyohivyo."

Simu ikakatika.

Yasinta aliuzima moto. Chai aliiacha ndani ya sufuria. Aliingia ndani, akavuta begi la kitenge kutoka chini ya kitanda. Bastola aina ya Beretta, imefungwa ndani ya taulo. Redio ya Motorola. Kifaa cha sikioni, kidogo kama punje ya hindi. Khanga mbili.

Alipotoka, Land Cruiser nyeupe ilikuwa inanguruma mbele ya ua.

Kwenye usukani alikaa Noel, mwenzake katika kikosi cha siri cha kuzuia ujangili, kijana mpole mwenye mabega ya mpakia magunia. Alisubiri Yasinta apande na kufunga mlango, akakanyaga mafuta.

"Leo hatufukuzi mtu, mkalimani," alisema. "Tunafukuza msiba."

Alimweleza huku vumbi la Ikungi likibaki nyuma yao. Pembe za ndovu zilikuwa zinatoka kwenye mapori ya kusini, zinapita Itigi, zinaingia barabara kuu pale Mkiwa. Mnunuzi, raia wa kigeni, alikuwa anasubiri kwenye hoteli moja Singida mjini. Msafirishaji alikuwa Christopher, mwenye karakana ya majeneza Itigi, mtu anayeheshimika, anayejua kushika mkono wa mfiwa na kuinamisha kichwa.

Christopher alikuwa amegundua jambo jepesi. Gari lenye jeneza halisimamishwi. Kwenye vizuizi watu huvua kofia, huinua kamba, hutazama pembeni.

Leo misafara miwili ilikuwa imetoka Itigi kuelekea Mkiwa. Kila mmoja ulikuwa na Hilux yenye jeneza mbele na Coaster ya waombolezaji nyuma. Mmoja ulikuwa msiba. Mwingine ulikuwa mzigo.

"Kwa nini tusifungue majeneza yote mawili?" Yasinta aliuliza, ingawa jibu alilijua.

Mwaka uliopita kikosi kingine kilifungua jeneza la kweli kando ya barabara, mbele ya mama wa marehemu. Tangu hapo amri ilikuwa moja. Bila uhakika, jeneza haliguswi.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuupata uhakika huo. Mwenzao aliyejifanya mfuta vioo kwenye kituo cha mafuta Itigi alikuwa amebandika kinasa sauti ndani ya kila Coaster. Wanawake walikuwa wanaimba kilio, kwa Kinyaturu, na kule Dodoma mkuu wao, Antipasi, hakuelewa hata neno.

Redio ilikwaruza, na Antipasi akaita kwa majina yao ya kazi.

"Ninga, hapa Kichuguu. Unanipata?"

"Nakupata, Kichuguu."

"Naanza na msafara wa kwanza. Niletee kila wanachosema."

Yasinta alibonyeza kifaa cha sikioni kwa kidole. Sauti za wanawake zikamjaa kichwani, na nyuma yao mlio wa gia na mtoto anayekohoa. Alifumba macho. Alianza kuyapeleka maneno upande wa pili, mstari baada ya mstari, polepole kama mtu anayevusha maji kwa viganja.

"Wanasema, Deo mwana wa Magdalena. Uliyefia na pampu mkononi. Baiskeli zimelala mlangoni, Deo, wateja wamekuja. Amka uwajazie upepo."

Noel alitaka kucheka, akaona haya.

"Fundi baiskeli," Yasinta alisema. "Huyo ni maiti wa kweli, Kichuguu. Mwacheni mama yake amzike."

"Una uhakika gani?"

Alimweleza. Upande wa kwao, kiongozi wa kilio hafungui kinywa kabla hajaambiwa jina la marehemu na la mama yake. Akishaambiwa, huufunga wimbo mzima kwa majina hayo, maana asiyeitwa kwa jina la mama yake hupotea njiani, hafiki kaburini. Kisha huwaita watoto, mmoja mmoja, na kila mtoto huitika. Ni mambo ya wanawake. Wanaume hukaa mbali na moto wao, wakizungumza mambo ya jembe na usafiri.

"Nimekuelewa. Nakupa wa pili."

Sauti zikabadilika.

Kiongozi wa kilio hiki alikuwa na sauti iliyokwaruza chini na kupanda juu ghafla, kama mlango wa mbao unaofunguliwa na upepo.

Yasinta alifumbua macho.

Sauti ile ilimlea. Ilimwimbia alipoumwa surua. Ilimwita kutoka kisimani jioni.

Ilikuwa ya mama yake.

"Ninga? Anasema nini?"

"Subiri."

Mama yake, Luciana, alikuwa anajulikana kwa kilio kuanzia Itigi mpaka Mkiwa. Kijiji chao kilikuwa kandokando ya barabara hiyohiyo. Bila shaka Christopher alisimama pale kuongeza wanawake, kwa sababu msiba bila sauti unatia mashaka. Bila shaka alimpa hadithi ya huruma. Na Luciana hakuwahi kumwacha marehemu apite kimya.

"Anasema," Yasinta alianza. "Anasema, uliyechonga mizinga, nani atapanda mti? Nyuki wamerudi, hawakukuta moshi wako."

"Mfuga nyuki. Jina?"

"Bado. Anasema, uliyechechemea mguu wa kushoto, njia imekuwa ndefu."

Alisubiri jina. Halikuja. Wanawake waliitikia, ubeti ukaenda, ubeti ukarudi. Mizinga. Mguu wa kushoto. Moshi. Jina hakuna. La mama hakuna.

Lakini Yasinta alimjua huyo mtu. Alimjua mguu wake, na kidonda cha utotoni kilichoufanya uchechemee. Alikuwa Stefano, baba yake. Stefano alizikwa mwaka uliopita, naye Yasinta alikuwa ng'ambo ya mpaka, kazini, kwa jina lisilo lake. Habari zilimfikia majembe ya kuchimbia kaburi yakiwa yameshaoshwa.

Tangu hapo alimpigia mama kila Jumapili. Walizungumzia alizeti. Walizungumzia mvua. Walizungumzia mdondo wa kuku. Walizunguka lile jambo kama watu wanaozunguka shimo gizani, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyokanyaga taratibu. Alipohamishiwa Ikungi, safari fupi tu kutoka nyumbani, hakumwambia. Alijiambia ni siri ya kazi.

Sasa alielewa kilichotokea ndani ya ile Coaster. Mama alimwuliza Christopher jina, hakupewa. Nafasi ya jina ikabaki wazi mbele yake, na maiti wa bandia hakuwa na cha kuijaza. Basi Luciana akaijaza kwa msiba wake mwenyewe. Hakumtaja Stefano, maana aliyekwisha kupumzika haitwi tena barabarani. Alimlilia tu.

Kisha mama aliwaita watoto.

Aliita jina moja.

Akanyamaza kumsubiri aitike.

Coaster ilitikisika. Hakuna aliyeitika. Luciana akaimba ubeti wa mwisho, mfupi, karibu kwa kunong'ona, na Yasinta aliuelewa wote.

"Ninga. Ubeti huo?"

Yasinta alitazama nje. Miti mikavu ilikuwa inapita, mingi, myembamba, yote sawasawa.

"Hapasikiki," alisema. "Gari linapiga kelele."

Noel alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Lakini ndio wao, Kichuguu. Hawana jina. Hawana mama wa marehemu. Christopher anajua kwamba kilio hakisimamishwi, ila hajawahi kukaa kwenye kilio cha wanawake. Hakujua kwamba kinahitaji jina. Hakuna maiti mle."

Antipasi akaanza kutoa amri kwa haraka. Kikosi kilikuwa tayari kwenye kona ya mwisho kabla ya Mkiwa. Kingepasua matairi ya Hilux. Kulikuwa na mlinzi mmoja mwenye SMG, labda wawili. Wakifyatua risasi, wangejibiwa.

"Hapana," alisema Yasinta.

Hakuwa mtu wa kumkatiza mkubwa wake. Hata Noel alipunguza mwendo kidogo.

"Afande, Coaster iko nyuma ya Hilux. Wakipigwa mbele, watakimbilia nyuma. Wataingia katikati ya wanawake."

"Una njia nyingine?"

"Ninayo. Nipe nafasi kabla ya ile kona. Niache nishuke peke yangu."

"Kwa nini wewe?"

Angeweza kusema. Lakini anayemwambia mkuu wake kwamba mama yake yumo huondolewa kazini papo hapo, na anayebaki hufuata mpango wa kupasua matairi.

"Kwa sababu ninaijua lugha," alisema.

Antipasi alipumua redioni. "Ukishindwa, kona inabaki kona."

Walipita Mkiwa bila kusimama, wakaacha barabara kuu, wakaingia ile ya Itigi. Msafara wa Deo ulikuwa unakuja taratibu upande wa pili. Noel alisogea pembeni, akavua kofia. Yasinta aliinamisha kichwa, na safari hii hakuwa anaigiza.

Kilomita chache mbele aliteremka. Alivua viatu. Alijifunga khanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Beretta aliiweka mgongoni, chini ya fundo, na redio ndani ya khanga ya kiunoni. Noel alilificha gari nyuma ya kichaka, akajipenyeza porini na bastola yake mkononi, karibu na barabara, mpaka hakuonekana tena.

Jua lilikuwa limepanda. Lami ilichoma nyayo.

Hilux ya bluu ilitokeza, ikiwa na tawi bichi mbele ya boneti. Nyuma yake Coaster, vioo wazi, vilio vikimwagika nje.

Yasinta alisimama katikati ya barabara.

Upande wa kwao, mtoto wa marehemu akiukuta msiba njiani, msafara husimama. Wanawake hushuka, hukaa naye chini, humlilia kwanza. Hata dereva mlevi anajua hilo. Mwenye haraka akipita, wanawake watamsema mpaka kwa wajukuu zake.

Hilux ilipiga honi. Ikampita pembeni, matairi yakila changarawe.

Coaster haikupiga honi.

Yasinta alifungua kinywa. Alikuwa hajaimba mbele ya watu tangu alipokuwa shule. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikatetemeka, kisha ikashika njia. Aliimba kile ambacho mtoto huimba akiitwa. Kwamba aliyeitwa amesikia. Kwamba njia ilikuwa ndefu. Kwamba amefika, afunguliwe.

Ndani ya Coaster, sauti moja ilikatika katikati ya neno.

Breki zililia.

Mlango ulifunguka na wanawake wakaanza kushuka, wakimwambia dereva wao asithubutu kuwasha gari. Wakamzunguka Yasinta, wakakaa chini kwenye lami ya moto. Luciana alikuwa wa mwisho. Alishuka taratibu, mkono mmoja mlangoni, macho hayamtoki binti yake. Alikaa mbele yake, goti kwa goti, akamshika viganja.

Yasinta aliusikia mkono ule na kwa kitambo alisahau kilichomleta.

Kitambo tu.

Mbele, Hilux ilikuwa imesimama. Haikuweza kwenda bila waombolezaji wake. Christopher aliteremka. Suti nyeusi, viatu vya kung'aa, uso wa pole aliouzoea. Mlinzi wake alibaki kando ya jeneza nyuma ya Hilux, koti refu kwenye joto lile.

"Poleni mama zangu," Christopher alisema. "Tunachelewa. Huyu ni nani?"

"Mtoto wa marehemu," Yasinta alijibu bila kunyanyuka.

"Marehemu hana mtoto."

"Basi nitajie jina lake."

Christopher aliangalia barabara. Aliangalia saa yake. Alilamba midomo.

"Jina la mama yake, basi," Yasinta alisema.

Wanawake walikuwa wameacha kulia. Walimgeukia Christopher wote.

"Hata mimi nilimwuliza hilo," Luciana alisema. "Akaniambia nitalipata mbele ya safari."

Mkono wa Christopher uliingia ndani ya koti.

Yasinta alikuwa wima kabla haujatoka. Alikamata kifundo cha mkono, akakizungusha nje, akampiga goti tumboni. Bastola ndogo ilianguka kwenye lami ikateleza mpaka miguuni pa mwanamke mmoja, ambaye aliikalia kama anayeficha kigoda. Kule kwenye Hilux mlinzi aliinua koti lake.

Mdomo wa bastola ya Noel ulikuwa tayari nyuma ya sikio lake.

"Weka chini polepole, kaka," Noel alisema kwa upole. "Kuna wafiwa hapa."

SMG ililazwa chini.

Hakuna risasi hata moja iliyolia.

"Kichuguu, hapa Ninga. Kona haihitajiki tena."

"Nimekupata. Mnunuzi tunamchukua sasa hivi."

Kikosi kilifika, pingu zikafungwa. Jeneza liliteremshwa na misumari ikang'olewa. Ndani kulikuwa na blanketi, na ndani ya blanketi pembe, kubwa kwa ndogo, baadhi bado zina damu iliyokauka kwenye shina. Wanawake walisogea wakachungulia. Mmoja alitema mate pembeni. Mwingine alilalamika kwamba koo lake limekauka tangu Itigi kwa ajili ya hayo.

Luciana aliziangalia kwa muda mrefu. Alivua khanga ya begani, akazifunika.

"Nao wameuawa," alisema, akaondoka.

Redio ilileta habari. Mnunuzi alikuwa amekamatwa kwenye ngazi za hoteli, begi mkononi. Noel alitabasamu, akanyoosha mkono ampe mwenzake tano. Yasinta alimpa Beretta badala yake. Alikung'uta vumbi la magoti, akachukua viatu vyake mkononi, akaelekea barabarani bila kugeuka, kule ambako mama yake alikuwa ameanza kutembea peke yake kurudi upande wa nyumbani.

Alimfikia. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Walitembea. Coaster ilikuwa nyuma yao na wanawake waliokuwa wanapanda, wakizungumza wote kwa pamoja. Mbele palikuwa na barabara tupu na pori lisilo na majani.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yako," Luciana alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuja kwa sababu ya kazi."

Yasinta alitafuta maneno. Yalikuwepo mengi, kwa lugha mbili, na hakuna lililotosha. Redio ikamwokoa, au ikammaliza, hakujua.

"Ninga, hapa Kichuguu."

"Nakupata."

"Tafsiri yako ina tundu." Sauti ya Antipasi haikuwa kali. "Ubeti wa mwisho umesema hapasikiki. Nimeurudia. Unasikika vizuri tu. Kinyaturu sikijui, lakini kuna neno moja nimelitambua. Ni jina lako."

Yasinta alisimama.

"Nahitaji ubeti huo kwenye faili. Au nisiuhitaji. Sema wewe."

Luciana naye alisimama. Kiswahili cha redio alikielewa. Alimtazama binti yake, akasubiri, kama alivyosubiri ndani ya gari.

Yasinta alibonyeza kitufe.

"Anasema," alianza. "Anasema, uliyechonga mizinga, watoto wako wameitwa. Yasinta ameitwa, hakuitika. Usimkasirikie. Wewe ulichoka kumsubiri, ukalala."

Alikomea hapo. Mstari uliobaki alikuwa nao kinywani. Aliujua neno kwa neno. Alijaribu kuuvusha, akashindwa, akajaribu tena. Machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza tangu majembe yale yaoshwe.

"Endelea, Ninga."

Luciana alinyoosha mkono, akaichukua redio kutoka kwenye vidole vya binti yake. Aliishika juu chini. Hakuongea nayo. Aliishusha ubavuni, akamtazama Yasinta usoni, na kwa Kiswahili chake cha nadra, kile cha hospitali na cha sokoni, alimalizia mwenyewe.

"Mimi sijachoka, mwanangu. Bado nakusubiri. Twende nyumbani."